Mugini yenye kuwa chini ya mayi

Yaya Ngalula,

Mi niko muzima. Huku ku ziwa tunakula bukari na samaki mpaka harufu imebaki mu mashati.

Nilimuuliza chef wa bantu ba huku historia ya mugini yao. Akanipandisha mu mutumbwi, tukafika katikati ya ziwa, akamwanga munkoyo, ile pombe ya mahindi, mu mayi.

"Citoyen, mugini njo hii, chini yetu, na makaburi ya bankambo, bazee betu ba zamani. Balijenga baraji, ukuta ya kufunga muto, mayi ikapanda, sisi tukakimbilia ku kilima."

Kule ku kilima bangali banawasha lampe ya petrole. Akauliza kama courant, umeme ya baraji, inafika muzuri kwetu Kolwezi. Nikasema ndiyo. Akainama ku mayi: "Bankambo, anasema inawaka."

Usalimie batoto. Na ile ampule ya veranda unaachaka inawaka muchana, yaya, uizime.

Mudogo wako,
Kabeya