Pipa la Elina

Jumatatu, 4 Agosti
Nimekamua ng'ombe, nimefagia zizi, samadi imepakiwa kwenda Kahe kwenye shamba la zabibu. Baba mkwe hataki mbolea ya dukani hata kuinusa. Kupogoa mpaka aangalie mwezi. Nimeshazoea. Miaka yote hii mvinyo mweupe wa nyumba hii natengeneza mimi, kwenye dramu la plastiki, na watu wanakunywa wanashukuru.

Sasa Elina, mke wa shemeji yangu Fredi, kaletewa pipa la mti wa mwaloni, katia humo mvinyo wake mweupe. Kaolewa juzi tu! Kila mgeni anapelekwa kulinusa. Dramu langu hakuna anayelijulia hali.

Jumatano, 6 Agosti
Baba mkwe kasema Jumapili ya tarehe 17 tutaonja mvinyo wangu na wa Elina. Utakaoshinda utawekwa kwenye chupa zenye jina la ukoo, na aliyeutengeneza atashika funguo za stoo. Funguo ninazo mimi!

Mvinyo wa dramu nilishauuza. Nimebakiza dumu moja dogo, la siku hiyo. Nina wivu. Naandika hapa kwa sababu kwa mama mchungaji siwezi kuusema.

Ijumaa, 8 Agosti
Elina kashikwa na uchungu kabla ya siku zake. Wamemkimbiza hospitali ya Mawenzi. Mtoto wa kike, mzima. Mama kapoteza damu nyingi, hatoki karibuni. Nimemwombea. Kweli nimemwombea. Halafu nikafikiria pipa.

Jumatatu, 11 Agosti
Mti wa pipa unakunywa. Mvinyo unapungua wenyewe, usipojazia hewa inaingia, unageuka siki. Elina alikuwa anajazia kila Jumamosi. Jumamosi imepita. Nimefungua kizibo, umeshuka. Akiba yake ya kujazia imekwisha. Fredi yuko hospitali, hana habari.

Nimefunga, nikarudi kumenya ndizi. Uharibike. Kwani mimi nimeugusa?

Jumatano, 13 Agosti
Mama mkwe kaniuliza, “Mama Glory, pipa la mwenzio linaendeleaje?” Nikasema salama. Alivyoniangalia! Ukiwa siki atatajwa nani? Mimi. Nitaitwa mchawi mpaka kanisani.

Mvinyo mweupe mwingine hapa ni ule wa dumu langu. Nilikusudia kumimina nusu. Pipa halikujaa. Nikamimina wote. Hasira niliyokuwa nayo, Mungu anajua.

Jumapili, 17 Agosti
Nikasema wangu umekwisha. Baba mkwe akashangaa, sikueleza.

Huku kwetu mtengenezaji anakunywa kwanza, watu wakimwona, ndipo na wao wanywe. Elina karudi ila ananyonyesha. Akasema, “Dada anywe kwa niaba yangu.” Nikasimama mbele ya wote nikanywa. Nilitafuta kasoro, nikaikosa. Sijawahi kutengeneza mvinyo mzuri hivyo.

Nikampelekea funguo kitandani. Akanipa mtoto nimshike, yeye ale mtori ungali wa moto. Kamefanana na Fredi. Wivu bado ninao. Nimekashika mpaka kakalala.