Dimanche Walikuzika ku Terrain

Kadutu, tarehe 10 avril 2000

Mudogo yangu Modeste,

Jambo yako. Uko muzima? Nakuuliza kweli, haiko vile banaulizaka tu ku mwanzo ya barua. Nataka unijibu kama unapumua, unakula, unatembea na miguu yako. Ju hapa Bukavu ulishakufa. Tulikulia na kilio tukamaliza.

Siye tuko, Mungu anasaidia. Batoto banakohoa kidogo na hii mvua. Godelive, jirani yangu, anakusalimia. Hapana, anaombea roho yako, ju yeye hajajua bado.

Sikia vile ilipita. Tangu vita, ukikaa na batu bengi mu nyumba, banasema munapanga kupinga rebellion yenye inatawala huku, banakuya kubafunga. Lakini ku mupira hakuna mwenye anauliza kwa nini muko bengi. Basi benzako ya promotion banakutanaka kila dimanche, misa ikiisha, ku terrain ya mupira, pale ku ngazi ya kuikalia, upande ya kivuli. Jicho moja inaangalia mupira, kinywa inatengeneza retrouvailles, sikukuu ya kukutana tena, ya miaka kumi na tano tangu mulitoka collège. Miye niko chini yabo na basini yangu ya sambaza, samaki kidogo ya kukaanga, nauza, nasikia yote. Najua nani ataleta kasiksi, pombe ya ndizi, nani ataimba, na bibi ya nani hatakuya ju alikosana na bibi ya nani. Apollinaire njo chef yabo, vile vile kama zamani mulikalaka naye banc moja ku masomo.

Desturi yenu unaijua kunishinda. Mwenzenu akikufa, munaomba arbitre apige filimbi, batu banyamaze kidogo, na ndugu ya marehemu njo anapiga mupira ya kwanza. Dimanche moja, Apollinaire akashuka mu terrain, akaniita. Nikawaza anataka sambaza. Nikaenda na mikono ya mafuta. Akanishika bega, akasema kwa nguvu batu bote basikie: "Leo tunalilia mwenzetu Modeste, mwalimu. Malaria ilimukamata kule Kinshasa."

Mudogo yangu, nililia mpaka arbitre naye akalia. Balinipigisha ule mupira, kiatu yangu ikaenda pamoja nayo. Nyumba ikajaa. Ndugu zetu ya Walungu balifika na maharagwe na ndizi. Nikanyoa kichwa yote, naonekana kama yai. Françoise, bibi ya Apollinaire, alipika mpaka moshi ikamuharibu macho. Nguo zako tuligawa. Parapluie yako ya mvua, Jacques wa promotion yenu aliikamata kama ukumbusho.

Na jana mutumishi ya paroisse ananiletea barua yako, ile ilipita na mapadri ya Nairobi. Tarehe yake inaonyesha uliandika kilio ikiwa imeisha. Unaniuliza kama parapluie yako bado iko.

Modeste, nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi. Nani aliona maiti? Nani alibaambia? Mutu anasoma collège mpaka mwisho, anavaa cravate, alafu anazika mutu muzima. Nilitaka nitoke mu barabara nipige kelele, lakini nilijikaza, sijaambia mutu, ata Godelive. Nataka Apollinaire akuwe wa kwanza kusikia, na nataka asikie vizuri. Dimanche hii mvua ilikatala mupira. Atanipata ingine.

Njo miye yaya yako, dada yako mukubwa mwenye alikulia bure,
Adélaïde


Kinshasa, tarehe 28 mai 2000

Yaya mupendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Kikohozi yao imepona? Miye niko muzima, nakula, natembea. Mafua tu, na hiyo haijaua mutu.

Nilisoma barua yako mara mingi. Kwanza nilicheka juu ya kiatu. Kisha sikucheka tena.

Yaya, unajua namna nilifika huku. Nilikuja kusahihisha mitihani ya examen d'état, na valise moja ndogo. Wiki chache kisha, vita ikafunga njia. Sikukimbia mutu. Sikuchagua upande. Kila dimanche nakaa hapa na kuwaza: saa hii wako ku ngazi, Jacques anatukana arbitre, Apollinaire anamunyamazisha. Hiyo njo ilikuwa inanishikiza. Na wao, kumbe, walichoka kuningojea. Mutu wa Kinshasa, upande ya serikali, anawaletea matata, basi afadhali akufe, wafanye sikukuu yao bila wasiwasi. Na ni Apollinaire alisema ile neno kwa kinywa yake. Angalikuwa mutu mwingine ningalinyamaza.

Sitanyamaza. Huku radio iko na émission ya kusalimia familia za mashariki. Nimeshatoa jina yangu. Mwanzo wa juillet utasikia sauti yangu. Nitasema jina yote, na collège, na promotion, na nitamusalimia Apollinaire mbele ya wengine wote. Aone haya mbele ya Bukavu muzima, vile alivyokutia wewe machozi mbele ya Bukavu muzima.

Parapluie, Jacques airudishe.

Mudogo yako muzima,
Modeste


Kadutu, tarehe 5 juin 2000

Mudogo yangu,

Jambo yako, na afya yako. Siye hatuko mubaya. Jibu yako bado sijaipata, lakini sitangoja, hii maneno haingoji.

Nilimukuta Apollinaire jana, alikuwa amekosa dimanche mingi. Ku mi-temps, bachezaji bakipumuzika, nilipanda ngazi, nikasimama mbele yake, nikamuonyesha ile barua yako ya Nairobi. Akaisukuma chini ya koti yake haraka kama mwizi. Akanivuta nyuma ya ukuta, fasi banakojoleaka. Nikamuambia nimefika kumufufua Modeste, na nitafanya ile kazi kwa sauti.

Akaniuliza kama namujua ule mwanaume ya koti ya ngozi mwenye anakalaka na bo. Nikasema namujua, ananunuaka sambaza kila dimanche, anataka ya kukauka. Akasema: ule ni mutu ya sécurité, mpelelezi ya rebellion.

Modeste, namukaangia sambaza, namuchagulia ya muzuri.

Ule mutu alikuwa anamuuliza Apollinaire juu yako. Mwenzenu mwalimu iko Kinshasa, anabaandikiaka nini? Dada yake anakaa avenue gani? Hii retrouvailles ni ya nini kweli? Apollinaire akawaza vile bangalikuya kunifunga ku mulango yangu. Neno ikamutoka: Modeste alikufa. Ule mutu akacheka. Akamuambia, "Alikufa, na hamukumulilia ku terrain? Nyinyi benye munalilia ata mutu wa kuvunjika kidole?"

Unaona vile? Desturi yenu yenyewe njo ilimufunga. Dimanche ya nyuma yake ikabidi bakulilie. Promotion yote ilijua, miye peke yangu sikujua.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akaangalia viatu yake. Akasema, "Maman Adélaïde, samahani. Unalia muzuri ukiwa hujui. Na ukijua, Kadutu yote inajua."

Miye. Banasema miye njo niko na kinywa. Nimebeba siri yako tangu avril, inanipiga mateke kama mimba, Godelive ananiuliza kwa nini nacheka peke yangu, na miye kimya. Alafu mutu ananiambia vile fasi ya kukojolea. Nimemusamehe juu ya kukuzika. Juu ya hiyo ya kinywa, bado.

Basi sikia: ubaki maiti. Usiandike jina yako. Usitume salamu na mutu. Andika kama Monique, nitaelewa. Vita itaisha, tutakufufua siku moja na kasiksi.

Yaya yako,
Adélaïde


Kadutu, tarehe 17 juillet 2000

Modeste,

Siulizi afya yako. Nimeisikia mu radio.

Barua yako ya mai ilifika siku mbili mbele ya ile émission. Nilizunguka Kadutu yote natafuta mutu wa kukuzuia. Nani angalikuzuia, kutoka hapa mpaka Kinshasa? Godelive aliingia na poste yake ya radio mukononi, anakuya mbio, anasema mufu anazungumuza. Ulisema yote. Jina, collège, promotion. Sauti yako ilikuwa muzuri sana, ya kukasirika. Na ukasema, "Namusalimia Apollinaire, mwenye alinizika, nione kama ataweza kunijibu."

Dimanche ya nyuma yake batu ya sécurité bakamuchukua, pale ku ngazi, mupira ikiwa inaendelea. Promotion yote ikasimama. Akabaambia baikale, baangalie mupira. Ule ya koti ya ngozi alipita mbele ya basini yangu, akaniuliza kama nilisikia radio. Nikajitupa chini, nikalia, nikasema Kinshasa banaiba sauti ya batu yetu benye balikufa. Sijui kama aliamini. Miye njo mwenye nalia mubaya nikijua, si Apollinaire alisema?

Retrouvailles ilikufa. Ngazi iko mutupu. Françoise anabebaka chakula asubuhi mpaka ku mulango ya gereza yabo, banaikamata, hajui nani anaikula.

Hukungoja barua yangu, Modeste. Ulikuwa na haraka ya kupata haki yako.

Adélaïde


Kadutu, tarehe 12 mars 2001

Mudogo yangu,

Jambo yako. Siye tuko. Batoto bako muzuri.

Barua yangu ya mwisho hukujibu. Ile ya Noël hukujibu. Padri ananiambia uko, unafundisha, unafika ku misa. Basi haiko kifo. Ni haya. Haya ni kitu muzuri, lakini haiandikaka barua.

Apollinaire alitoka. Balimuvunja goti, haikupona sawa sawa. Nilienda kumuona, nikabeba sambaza. Siku zote balikuwa banamuuliza neno moja: Modeste iko hai? Na yeye anajibu: "Modeste alikufa. Dada yake alipiga mupira. Niliona na macho yangu." Bakimupiga, anarudilia vile vile. Françoise njo alisimulia, Apollinaire mwenyewe alikuwa anaangalia ukuta. Ju angalisema uko hai, bangaliingia hapa kwangu ile usiku, na kwa Jacques, na kwa bote.

Hakunituma nikuambie. Miye njo nakuambia, ju niko na kinywa.

Yaya yako,
Adélaïde


Kadutu, tarehe 18 août 2003

Mudogo yangu Modeste,

Jambo yako, na afya, na nguvu. Batoto bamekuwa bakubwa, hutabajua. Godelive alihama Sange kwa binti yake, sina tena mutu wa kuambia kitu, ndiyo sababu nakuandikia ata kama hujibu.

Vita banasema iliisha. Koti ya ngozi hatumuoni tena. Ndege ya Kinshasa inashuka Kavumu. Na ku ngazi, upande ya kivuli, bamerudi. Mvi moja moja, tumbo kubwa, lakini ni bo. Retrouvailles itakuwa dimanche ya tarehe 14 septembre, na match, banaanza kujifunza kukimbia, ni kichekesho.

Dimanche balibishana juu yako. Jacques alisema hauna fasi kati yabo. Alisema mutu alimutia mwenzake mu mikono ya bale batu ju ya kiburi, alafu hata mustari moja ya kuomba musamaha hakuandika. Nilitaka nimutukane. Nilitafuta tusi, sikuipata. Iko na haki.

Apollinaire alingoja banyamaze. Akasema, "Miye njo nilimuzika. Mutu mwingine asimuzike."

Modeste, nimekasirika naye, nimekasirika nabo, nimekasirika na vita. Lakini zaidi nimekasirika nawe. Ulipiga kelele mu radio ju balikuzika bila kukuuliza. Na miaka hii mitatu, nani anakuzika? Hakuna mutu ya sécurité mwenye anakulazimisha. Ni wewe unachimba.

Kuya. Hata kama ni kufukuzwa, kuya ufukuzwe.

Yaya yako,
Adélaïde


Miti, samedi tarehe 13 septembre 2003

Yaya,

Salamu. Niko muzima. Natumaini uko muzima.

Nilishuka Kavumu leo asubuhi. Tulipofika Miti, niliomba chauffeur anishushe. Niko kwa mama mumoja anauza chai. Valise iko chini ya banc. Njia ya Bukavu iko mbele yangu na miguu inakatala.

Chauffeur anaitwa Willy, amekubali kukuletea hii karatasi. Muulize Apollinaire, yeye mwenyewe, hapana mbele ya promotion, kama naweza kuingia. Musamaha niliiandika mara mingi, kila mara niliipasua, ilikuwa inanitetea. Akisema hapana, nitarudi na ndege ya lundi, na sitamulaumu. Nitangoja hapa mpaka jua ishuke.

Modeste


Nyuma ya karatasi ile ile

Mudogo yangu,

Siye tuko muzima. Usitoke hapo.

Sikumuuliza. Alikuwa kwangu, alileta viti ya kesho. Nilianza kumusomea, nilipofika ku "Miti" akakamata fimbo yake, akaenda kuikala mbele mu gari ya Willy. Nikamuambia angoje nimalize kusoma. Akasema ile inabakia utamusomea wewe mwenyewe, Modeste. Naandika hii juu ya moteur ya gari, Willy anapiga klaxon.

Mwenye anakupatia hii karatasi njo Apollinaire. Asimame kidogo tu, goti inamuuma. Umupe bega, mupande gari, mukuye. Nimeshaweka mafuta ku moto.

Yaya yako,
Adélaïde