Rekodi Haijifuti

Jumatatu, 12 Mei

Mlio ule tena. Kioo cha ndani ya chupa ya chai kikivunjika: mlio mdogo, wa kumezwa, kisha vipande vikicheza ndani ya bati. Leo umenijia Zhongda, soko la vitambaa huku Uchina, mtu alipoangusha boksi la vifungo. Nikaacha kutafsiri katikati ya bei. Kaka Hamisi, ninayemkalimania anaponunua vitambaa, akasema, "Msomi, laoban anakungoja," akimwonyesha mwenye duka kwa kidevu. Nikatabasamu. Nikaendelea na bei.

Chupa ile nilimpiga nayo shemeji, Dar, nikiwa mwaka wa pili chuoni. Alikuwa amemkalia dada kifuani, anampiga.

Jumatano, 14 Mei

Mvua. Majibu ya polisi yamefika kutoka nyumbani. Kituo cha utafiti kimenipa kazi, viza ya uanafunzi inaisha Julai, na ili nibaki natakiwa kuleta cheti kwamba sina rekodi. Ninayo. Alama zangu za vidole zipo. Kujeruhi.

Hakimu aliahirisha adhabu. Nikae mwaka mzima bila kosa. Nilikaa. Mwaka ulipoisha mama alipika pilau, tukasema yamekwisha. Hapo ndipo tulipokosea. Wakili ameniambia leo kwenye simu, bila haraka: "Kesi ilifungwa, binti. Rekodi inabaki mpaka mtu aombe ifutwe. Nani aliomba?"

Hakuna. Tulikula pilau.

Ijumaa, 16 Mei

Ombi litakwenda upesi likiwa na barua ya mlalamikaji. Mlalamikaji ni shemeji. Bado anaishi na dada.

Dada amepiga. Mumewe ataandika, ila kwanza nimwombe radhi kwa video, mbele ya wazee wa pande zote mbili. "Sema tu, mdogo wangu. Maneno hayaumi." Alisema polepole, kama asiye peke yake chumbani.

Namchukia shemeji. Leo nimemchukia dada pia, kidogo. Nimelia kwa hilo.

Jumamosi, 17 Mei

Nilimweleza Kaka Hamisi nusu yake. "Omba, mdogo wangu. Radhi haina ushuru wa forodha." Akacheka. Kisha akaniona uso, akaagiza chai. Sikuinywa.

Kwenye metro nimeyajaribu maneno, chini chini. Nisamehe, shemeji. Hapakuwa na wa kunielewa. Yalitoka vizuri mno. Hilo limenitisha kuliko polisi.

Jumapili, 18 Mei

Kwenye video wazee walikaa sebuleni, wamejipanga. Shemeji katikati, kanzu nyeupe. Dada alipita nyuma na sinia, analibeba kwa mkono mmoja. Ule mwingine hakuunyanyua.

Baba mdogo akasema, "Haya binti, tunakusikiliza."

Nikanyamaza.

"Amekwama huyo. Mtandao wa Kichina," akasema mzee mmoja.

Wakacheka. Shemeji pia. Niliwasikia wote. Nikazima.

Jumanne, 20 Mei

Mvua imekatika. Jana nilimwambia wakili apeleke ombi bila barua ya shemeji, hata likikaa mwaka. Kisha nikaenda kwa profesa wa kituo cha utafiti, nikamweleza mwenyewe: kesi, adhabu iliyoahirishwa, sababu. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuahidi kitu. Huenda Julai nikawa uwanja wa ndege wa Baiyun na mabegi yangu.

Dada nimemwandikia kwamba chumba changu kwa mama ni chake, na mama ameshatandika kitanda. Ameusoma ujumbe. Hajajibu.