Nishani ya Babu Inaisha kwa Kusuguliwa

Mpendwa Bi Winifred,

Naomba msaada wako kabla sijamrushia mtu sahani, maana mimi ni mjane wa miaka sabini na minane hapa Barnsley, Uingereza, na kila Novemba, Jumapili ya Kumbukumbu ya askari waliokufa vitani ikikaribia, naisugua kwa dawa ya kung'arishia nishani ya babu yangu Amos Thackray, aliyoipata vitani Sudan, mpaka inawaka, kwa sababu baba aliniapisha akiwa mgonjwa kitandani kwamba siku isipong'aa ndiyo siku tumemsahau babu, sasa juzi Nigel, mtoto wa marehemu kaka yangu, anayekusanya nishani za zamani, alikuja kula nyama ya kuoka, akaigeuza akatazama ukingo, akapiga kelele hadi mchuzi ukamwagika, "Shangazi, unamfuta babu! Jina linaisha!" nikamwambia, "Koma, nimeanza kuisugua wewe hujazaliwa," akajibu, "Ndiyo maana! Mthamini yeyote wa mnada akiiona hii atacheka," eti nimpe yeye aifungie kwenye kabati lake la vioo, Bi Winifred, kuiuza siiuzi na Nigel simpi ng'o, lakini usingizi umenipaa, je, niendelee kusugua au nivunje kiapo cha baba?

Edith

Bi Edith,

Pole, lakini weka hicho kitambaa chini. Sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma.

Nigel ana domo, ila hajakudanganya. Nishani hizo ni za fedha, madini laini, na jina la askari limechongwa pale ukingoni tu. Wakusanyaji hununua jina. Likifutika, hiyo ni nishani ya yeyote. Loo, miaka yote hiyo unamsugua babu wa watu! Baba yako alitaka akumbukwe, na wewe ulitii kwa moyo mweupe. Ukiacha sasa, hakuna kiapo utakachovunja.

Nigel usimpe. Kabati lake limejaa nishani za wanaume ambao hata makaburi yao yeye hayajui. Mwite aje na kioo cha kukuzia, asome herufi zilizobaki, na wewe umsimulie kila ulichosikia kuhusu Amos. Akianza kutaja bei, mnyamazishe kwa kipande kingine cha nyama.

Kisha Novemba ivae kifuani, upande wa kulia wanakovalia jamaa wa askari, hata kama imeingia weusi. Majirani watanong'ona kwamba Edith kazeeka, hata kusugua hawezi. Wanong'one! Vita vyenyewe, vya kwenda kuwapiga Wasudani kwao, sioni kama vina haja ya kung'aa. Atakayekuuliza mbona imechakaa, mgeuzie ukingo, umwambie asome jina kwa sauti.