Mafuta ya Bibi na Shuka Jeupe

Nyumbani, meza ya jikoni
Jumapili, 14 Julai

Mpendwa Shangazi,

Salamu zangu zimechoka kidogo, lakini zinatoka moyoni. Mgongo wako unaendeleaje? Na baridi ya huko bado inakupasua midomo? Sisi tunasukuma siku. Mama anarudi kutoka kiwanda cha mikate akiwa na unga kwenye nyusi, anasinzia kabla hajavua viatu. Mimi nimebakiza wiki saba kabla ya mitihani.

Asante kwa ile chupa kubwa ya losheni. Naomba usinune kwa nitakayosema. Inanukia vizuri mno, lakini ilimchoma Bibi kwenye nyufa za miguu, akapiga ukelele hadi jirani akaja mbio kuuliza nani amefariki.

Ngozi ya Bibi ilianza kupauka mwezi wa nne. Mwanzoni tulimtania kwamba amepita kwenye jivu. Halafu miundi ya miguu yake ikatoa magamba, ikachanika mistari mistari, akawa anajikuna mpaka damu. Ndipo nikampeleka zahanati.

Nesi aliniuliza mimi, "Anaoga na nini?"

Bibi akajibu mwenyewe, "Maji ya moto na sabuni ya mche, kama watu wasafi."

Unamjua mama yako. Amekuwa dobi miaka arobaini, na kwake ngozi isiyolia chini ya kidole bado haijatakata. Nesi akamwambia kwamba hiyo sabuni ni ya nguo, na ndiyo inayomaliza mafuta ya mwili. Aoge na maji ya uvuguvugu, kwa haraka, na sabuni laini ya kuogea. Dodoki alitupe. Ajikaushe kwa kugusagusa taulo bila kusugua, na apakwe mafuta mazito yasiyo na manukato ngozi ikiwa bado na unyevu, asubuhi na jioni. Kucha zikatwe. Kisha akasema kidonda kikiingia vijidudu, atalazwa. Tangu Babu aingie wodini asirudi, Bibi hata kuipita njia ya hospitali hapendi.

Kwa hiyo kila siku naamka saa kumi na moja, napasha maji, namwogesha, nampaka mafuta ya mgando, nakimbilia shule. Jioni nampaka tena. Nilifanya hivyo wiki tatu, na miguu ikabaki vilevile. Darasani nilisinzia juu ya daftari. Nilikisoma kitabu cha afya kurasa zote nikitafuta kosa langu, sikuliona.

Alhamisi iliyopita, nikitandika kitanda, nikakuta tambara chini ya godoro. Lilikuwa zito, limelowa mafuta. Kumbe kila nikimpaka na kutoka, yeye anajifuta. Nilikaa sakafuni nikalia. Sikuwa na hasira, Shangazi, nilikuwa nimechoka tu.

"Profesa, unalilia tambara?" Bibi akauliza kutoka mlangoni.

"Nalilia miguu yako, Bibi. Kwa nini unafuta?"

"Sasa nilale na mafuta kwenye shuka jeupe? Maisha yangu yote nimetoa mafuta ya watu kwenye mashuka yao, leo niyapake mimi kwa miguu yangu?"

"Nitafua mimi."

"Wewe? Wewe unafua kama unabembeleza mtoto. Utalilowesha, doa lizame, tuzikwe nalo."

Nikasema, "Basi nifundishe."

Jana hakuniachia nafasi ya kupumua. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, akatia mafuta kwenye shuka kwa makusudi, akaanza kuamuru. Poda kwanza, inyonye mafuta. Ikung'ute. Sabuni kavu juu ya doa, sugua kwa kifundo cha kidole. "Maji nani amekuambia? Weka chini hiyo ndoo!" Maji ya moto mwisho kabisa. Nilirudia mara tatu, mgongo ukaniuma. Alilinyanyua shuka juani akalikagua uzi kwa uzi.

"Pindoni umelipua," akasema. Halafu, polepole, "Lakini doa limetoka."

Jioni nikaleta kopo la mafuta. Alivuta gauni mpaka magotini akanyoosha mguu. "Paka. Na kisigino usikiruke kama jana."

Nina maombi mawili. Ukituma kitu tena, tuma mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyonukia. Na ukipiga simu, usimuulize kuhusu mguu, atakwambia umepona. Muulize nafua vipi. Akianza kunisema kwa kirefu, ujue anakubali kupakwa.

Msalimie sana Mjomba na wale mapacha, waambie bado nawadai barua. Mama anakusalimu kutoka usingizini. Mungu akulinde huko uliko, akupe siku nyepesi kuliko zetu.

Nyufa bado zipo, nami bado nimechoka. Lakini leo asubuhi nilipofunua kitanda nilikuta madoa mawili ya mafuta kwenye shuka, marefu, yamekaa pale pale miundi ilipolala usiku kucha. Nimeyatazama muda mrefu kabla ya kwenda kutafuta poda.

Nikupendaye na kukukumbuka kila siku,
Mtoto wa kaka yako, Profesa