Wifi, Nimejiandikisha Kiingereza

Wifi yangu Asma,

Mola akupanulie kaburi lako. Nnakuandikia nimekaa kitandani kwako, hapa hapa Mtoni. Kaka yako kenda kazini, mtoto kalala. Mwaka wa pili huu tangu homa ikuchukue, hata joho la chuo hukulivaa, na mimi bado sina wa kunitania.

Wakati ule wa korona, chuo kilipofungwa, ulisomea Kiingereza dirishani hapa, ndipo mtandao ulipokamata. Nami nikikuna nazi mlangoni, ukinikemea, "Wifi, nazi yako inasikika chuo kizima."

Siku moja ukanishikisha simu, ukenda kuoga. Mwalimu alikuwa anauliza wanafunzi wanaonaje kusoma hivyo, hata kwa Kiswahili waseme. Mmoja akasema bando linakwisha kabla ya salamu. Mwengine, wa kule Mkokotoni, akasema kwake afadhali, uso hauonekani, haoni haya kukosea. Kisha mwalimu akaita, "Asma?"

Mtu akiitwa hanyamazi, ndivyo tulivyolelewa. Nikajibu, "Naam." Halafu ikabidi niendelee. Nikasema, "Naona upweke, mwalimu. Unasema na ukuta. Hujui nani kacheka, nani hakufahamu."

Ulitoka na kanga inachuruzika maji, macho yamekutoka. Nikadhani utanigombeza. Ukacheka mpaka ukakaa chini. "Ushanisemea, wifi. Sasa kasome na wewe, kichwa unacho."

Basi nimejiandikisha. Darasa la kinamama, kwa simu vilevile. Nataka kazi ya mapokezi hotelini, na mimi shule niliishia fomu tuu, kidato cha pili. Lakini wifi... mara mbili mwalimu kaniita, mara mbili nimezima simu. Siku ile nilijificha ndani ya jina lako. Sasa naitwa kwa langu, na chumbani hamna mtu. Mwalimu kasema asiyesema mara ya tatu nafasi yake anapewa mwengine. Ya tatu ni kesho.

Ningekuwa na wewe ungenifinya tu, ningesema.

Nakuaga, wifi. Yasini yako ya Ijumaa haitokatika maadamu nipo hai. Na kesho sizimi simu, nakuahidi. Nitampakata mwanangu asikie mama yake anavyokosea Kiingereza kwa sauti kubwa, kisha anaendelea.

Wifi yako,
Mwanaidi