Chui, Umeondoka na Maji Yetu

Lukasi, Chui mla mbuzi wa watu,

Nakuandikia nikiwa barazani kwangu. Cherehani nimeifunika na mgongo unaniuma. Usiniulize fundi wa nguo ameumizwa wapi mgongo, nitakueleza. Kwanza pokea salamu za avenyu nzima, halafu pokea matusi yangu. Wewe ni wa ukoo wa Chui, mimi wa ukoo wa Mbuzi, tumetaniana tangu siku tulipokutana kwenye foleni ya buku ya kazi, na sioni kwa nini kufa kwako kunifunge mdomo.

Ungemwona katekista mpya siku ya kukuzika! Nilipoanza kukutukana pale uwanjani kwako, jeneza likiwa bado wazi, alinishika mkono akaniambia kwa upole kwamba huzuni imenizidi. Masikini, ametoka mbali, hajui mambo ya sisi watu wa Ziwa Mweru. Mke wangu Tereza ndiye aliyemwelewesha: "Katekista, huyu njo munungwe yake, mutani yake. Njo anachimba kaburi, njo anabeba, njo anatukana. Asipotukana, benye kilio batacheka na nani?" Akaelewa nusu. Aliniachia mkono, lakini macho hakuyaondoa kwangu mpaka tunafika makaburini.

Basi nikafanya kazi yangu ya utani. Nilisema wewe ni chui uliyeota kutu. Nilisema ukipita njiani kuku hawakimbii, wanakuamkia. Halafu, kwa vile mtani anaruhusiwa kuchukua kitu kimoja cha marehemu na kukifanyia mzaha, nilikwenda kwenye suruali yako iliyoning'inia msumarini, nikachomoa kile chuma chako cha kufungulia robine, bomba la maji la avenyu yetu, nikakilaza pembeni ya mkono wako. Nikakuambia, "Kwenda, Chui! Kwenda ufungulie bantu ya kule maji, pengine na weye utaoga!"

Elena wako alikuwa amejifunika kitambaa cheusi, na niliona mabega yake yakitikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Kicheko kile kilinilipa taabu yote ya kaburi, na udongo wa huku unajua mwenyewe ulivyo mgumu wakati wa kiangazi.

Kesho yake alfajiri wanawake walisimama na ndoo zao kwenye robine. Wakangoja. King'ora cha kiwanda kikalia, waume zao wakaenda kazini, wao wakaendelea kungoja. Mwishowe mmoja akapiga yowe, "Ee Mungu! Ule mufunguo iko mu kaburi!"

Avenyu nzima ilikuwepo, Lukasi. Avenyu nzima ilicheka, na hapakuwa na hata mmoja aliyefikiri. Tulikuwa tumezoea kwamba robine inafunguliwa na wewe, basi. Nani alikumbuka tena kwamba ile robine ni ya serikali, kwamba mkono wake ulivunjika zamani, kwamba ulikwenda buroni, ofisini kwao, wakakuambia ngoja, ukaenda tena wakakuambia fundi atakuja? Ulipochoka ukajichongea chuma chako kwenye karakana ya reli, saa ya kupumzika. Kirefu, chenye tundu la pembe nne, cha kufika kule chini ndani ya boksi la simenti ambako koleo halifiki. Ukafungua kila asubuhi kabla ya kazi. Ukafunga kila jioni, watoto wasiache maji yakimwagika tukaja kukatiwa kabisa. Mimi ndiye niliyekushonea ule mfuko mrefu wa kukibebea, na kila ukipita barazani hapa na mfuko wako unaogonga goti nilikuita bawabu wa maji. Kazi ya kuchekesha, niliona. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Nikaenda buroni. Ile foleni bado iko juani na lile dirisha bado ni dogo. Karani aliniuliza kwa nini hatukusema kwamba mkono umevunjika. Nikamwambia tulisema. Akauliza tulimwambia nani. Sasa ndugu yangu, mtu anamjua nani kwenye dirisha lile? Akaniuliza basi siku zote hizo tulikuwa tunakunywa nini, na mimi kwa ujinga wangu nikamsimulia habari zako. Hapo ndipo alipoinua macho kwa mara ya kwanza. "Njo kusema muntu ya reli alikuwa anagusa robine ya Bulamatari, ya serikali, bila ruhusa? Iko wapi huyo muntu?" Nikamwambia uko makaburini, na kama anataka kukufunga akufuate huko huko. Foleni ikacheka. Mimi nikafukuzwa dirishani.

Nilirudi tena baadaye, kofia mkononi, mpole kama mwanakondoo. Fundi atakuja. Nikarudi tena. Fundi atakuja. Siku hiyo nilikwenda nyumbani kwa miguu nikikatiza mjini kwa Wazungu. Bustani zao zinanyunyiziwa mchana kweupe, katikati ya kiangazi, mpaka maji yanavuka ua na kulowesha barabara. Nilisimama nikaweka kiatu changu mahali palipolowa. Hata hasira sikuwa nayo. Nilikuwa nimechoka tu, Lukasi, uchovu ule uliokuwa unarudi nao wewe jioni, ukakaa hapa barazani ukijifuta grisi mikononi bila kusema neno, na mimi nikadhani unaniringia.

Mwenzako wa karakana alijaribu kutuchongea chuma kingine. Msimamizi alimkuta nacho, akakitupa kwenye vyuma chakavu, na yule bwana nusura apoteze kazi. Wako waliosema chini kwa chini twende tukakufukue. Niliwaambia atakayegusa kaburi nililolichimba mimi atakutana na pembe za Mbuzi.

Lakini kupika na kufua ni shida tulizozizoea. Iliyonikosesha raha ni Elena. Unajua mila: mjane hatoki kilio mpaka nyumba ya mtani imuoshe. Mpaka siku hiyo anakaa mkekani na kitambaa chake cheusi. Hampi mtu mkono. Hapikii hata wanawe. Haendi sokoni, na samaki wake wakavu waliotoka Pweto wameanza kuliwa na wadudu magunia yakiwa ukutani pale pale anapowaona. Vitu vyako havigusi wala havitaji. Na siku ya kumuosha haitaki kikombe cha maji. Ni kumuogesha yeye na watoto, kufua nguo zote za matanga, kusafisha nyumba mpaka kizingitini, kupika bukari, ugali wetu, ya kila atakayekuja. Tulipanga Jumapili, ikafika, maji hakuna. Tukasogeza mbele. Ikafika tena. Wanawake wetu wakienda robine za avenyu nyingine wanafukuzwa, "Endeni kwenu kwa marehemu wenu," na nani atawalaumu, wao pia wanasimama tangu usiku haujaisha.

Elena akakonda. Siku moja nilipopita kumsalimu toka mlangoni aliniambia, "Munungwe, nimechoka kulia mu mukeka. Nataka kulia nikitembea." Nilikwenda nyumbani nikampa Tereza maneno hayo kama yalivyo.

Basi Tereza akaamua. Yeye na wanawake wa avenyu wakawa wanaombaomba maji, huku kibuyu, huku nusu ndoo, wanayamimina kwenye pipa nyuma ya nyumba yangu. Tukalifunika kwa mbao. Jumamosi lilikuwa limejaa. Na Jumamosi hiyo hiyo, nani huyo na baiskeli yake na fimbo yake? Mtu wa usafi, yule anayetafuta mbu. Akafunua mbao. Akasema maji yaliyolala yanazaa mbu na mbu wanazaa homa. Nikamwambia hatuna robine, ndiyo maana maji yamelala. Akasema mambo ya robine ni ya buro nyingine. Nikamwambia ni maji ya mjane. Akalisukuma pipa kwa mguu.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini Tereza alipiga magoti akajaribu kuyazoa kwa kikombe. Mimi nikakaa chini kwenye tope nikalia. Siku ya kukuzika nilijizuia, maana mtani akilia ameharibu kazi. Niliyoyabana siku ile yalitoka yote pale, nikimlilia Chui mbele ya pipa tupu, na yule mtu akapanda baiskeli yake akaenda avenyu ya pili.

Jumapili baada ya misa nilivua koti, nikatafuta mti wa begani na ndoo mbili, nikashika njia ya Luano mpaka ile chemchemi ya mbali tunakoteka ya kunywa tu, nyuma ya matanuri ya matofali. Mwanamume mzima, fundi wa suruali za makarani, anateka maji! Walinicheka njia nzima. "Baba Yozefu, umeolewa?" Niliwajibu kwamba mbuzi anamnywesha mke wa chui, wasiojua mila wakae pembeni. Nikaenda nikarudi, nikaenda nikarudi, Tereza mbele yangu na beseni yake kichwani. Tuliyafikisha na kuyatumia papo hapo, yasipate nafasi ya kulala wala ya kuzaa. Hapo ndipo ulipoumia mgongo wangu.

Tereza na wenzake walimuosha Elena nyuma ya mikeka. Mimi nilisimama upande wa pili nikawa nasikia maji yakimwagikia ardhini. Sauti hiyo uwanjani kwako haikuwa imesikika tangu uondoke. Alipotoka, nywele zimenyolewa, amevaa kitambaa chenye maua, alinipa mkono wa kwanza. Ulikuwa bado na unyevu.

Halafu, kama ipasavyo, akafungua sanduku lako la bati mbele yangu mtani. Juu ya nguo zako zote, juu hata ya koti lako la misa, palikuwa na chuma kirefu chenye tundu la pembe nne. Kipya. Kimefungwa kamba ya kufungia mbuzi.

Elena alicheka mpaka akashika ukuta. "Alisema weye utaiba ile ingine siku ya kumuzika. Alisema hii nikupe siku ya kutoka kilio."

Niliropoka, kwa nini hakusema, wiki zote zile, watu na ndoo zao, yeye mwenyewe mkekani! Alifuta macho. "Kintu ya marehemu haitajwe mbele ya siku ya kunawa. Ningesema, ningekuwa nimevunja kilio yake. Na weye, Munungwe, ungengoja siku ya kunawa na mufunguo iko mukononi?" Alikuwa amenijua.

Ndipo nikakumbuka hospitali. Kile kifua chako, kile kitanda cha chuma kwenye korido kwa kuwa ndani pamejaa, na wewe unaninyooshea kidole: "Weye Mbuzi, minajua utaiba kintu yangu. Iba, lakini iba muzuri." Ukacheka mpaka kikohozi kikakukamata, na muuguzi akaja kunitoa nje. Nilifikiri homa ndiyo inayosema. Kumbe Chui alikuwa amelala majanini.

Tulikwenda kwenye robine, avenyu nzima nyuma yangu. Nilipozungusha, ilikohoa. Ikatema upepo, ikatema kutu, ikatoa maji mekundu, halafu meupe. Vigelegele, ndoo, watoto wakimwagiana, Elena akiwa katikati yao na kichwa chake kilichonyolewa. Mimi nilikuwa nalia na kucheka, na hapo sikujua lipi ni la utani na lipi ni langu.

Kisha kila mtu akajaza ndoo akaenda kwake. Wote wakaenda. Nikabaki pale peke yangu na chuma mkononi.

Jumatatu, king'ora hakijalia, mtu anagonga dirisha langu. "Baba Yozefu! Robine!" Jumanne vile vile. Jana niliugua mgongo, wakagonga na kuniletea dawa ya kuchua, halafu wakangoja mlangoni mpaka niinuke. Fundi wa serikali bado hajaja. Hawaniiti tena fundi wa nguo. Leo mtoto mmoja kaniita bawabu wa maji, na sijui nani kamfundisha.

Umenila, Lukasi. Nilikulazia chuma kimoja kwa mzaha, wewe ukanifunga kamba yako ya kweli. Nakukosa sana. Nakukosa jioni zaidi, ninapoinama kufunga na hakuna wa kunitukana.

Elena amerudi sokoni. Samaki waliosalimika anauza, na akinipita ananilia kama mbuzi mbele ya watu. Nakuahidi haya: wanao nitawashonea nguo za shule, kaburi lako nitalipalilia kabla ya mvua, na robine nitaifungua asubuhi na kuifunga jioni mpaka siku nitakayokuja huko kudai mgongo wangu. Kile chuma cha kwanza kitunze.

Cherehani nimeifunika sasa hivi tu. Nilikuwa nashona mfuko mrefu kwenye suruali yangu.

Lala, Chui. Mimi nina zamu yako.

Mbuzi wako,
Yozefu